Mkate wa Tekber

Mizani ya zahanati ilikuwa ya kuning'iniza, yenye ndoano juu na kikoba cha turubai chini, na ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga. Nguia alikuwa na miaka saba. Nesi Lehdia alimpenyeza miguu yote miwili kwenye kikoba, akamwacha aning'inie mbele ya foleni nzima ya wanawake, na mshale ukasimama kwenye kumi na nne.

"Kumi na nne!" Lehdia alitangaza kama dalali. "Mwanangu wa miaka mitatu anamshinda huyu."

Wanawake waliokaa mkekani walivuta melhfa zao, zile shuka ndefu za kujitanda, mpaka puani, yakabaki macho tu yakimtazama mtoto. Tumbo lilikuwa limefura kama kiriba kilichojazwa maji, miguu imekauka kama kuni, nywele zimepauka. Bibi yake, Tekber, hakumngoja nesi. Alimtoa mwenyewe kikobani, akamvisha gauni lake, akampangusa makamasi ambayo hayakuwapo, ili tu mikono iwe na kazi.

"Nyumbani mnampa nini?" Lehdia aliuliza.

"Tunampa chakula. Kwani wako unawalisha mchanga?"

"Usinikasirikie, Bi Tekber, mimi nasema ninachokiona. Mgao wa unga mnapata sawa na wenzenu. Sasa kama unga unafika sokoni kabla ya kufika kinywani mwa mtoto, hayo mimi nitayajuaje?"

Maglaha, mama wa mtoto, aliinamisha uso. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwembamba kuliko inavyopendeza kwa watu wake, na alikwishazoea kuinamisha uso. Tekber hakuzoea. Alisimama katikati ya zahanati, mkono mmoja kiunoni.

"Nisikilize, Lehdia. Siku tulipokimbilia jangwa hili, mama yako alikuwa hajaolewa. Mkate aliokula harusini kwake niliuoka mimi, chini ya mchanga, kwa mikono hii. Hakuna mtu aliyewahi kutoka hemani kwangu na njaa. Hakuna! Mjukuu wangu ndiye nimnyime?"

Ilikuwa kweli. Miaka karibu hamsini Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi, wameishi ukimbizini nje ya Tinduf, Algeria, na miaka yote hiyo magari yalikuwa yakiacha njia ili kupita kwa Tekber akiwa anafukua mkate kwenye majivu. Wakati hapakuwa na nyama wala maziwa, kulikuwa na unga wa msaada, na kulikuwa na Tekber.

Ndiyo maana aibu ya siku ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Walipokuwa wakirudi, mtoto mgongoni mwa mama yake, Tekber alitoa amri.

"Kuanzia leo, mkate mara nne kwa siku. Na uji wa shayiri juu yake. Tutaona mwezi ujao kama huyo nesi atapata cha kusema."

*

Walimlisha kama mtu anayejaza gunia. Asubuhi mkate na mafuta, mchana kuskusi ya ngano, alasiri mkate, jioni uji wa shayiri na sukari. Tekber alikaa mbele yake, akimega, akisema "Bismillahi, moja ya bibi, moja ya mama, moja ya ngamia," na Nguia akifungua kinywa kwa utii wa mtoto aliyechoka. Kisha alitoka nje kwa kukimbia. Kilichomtoka kilinuka hata mbuzi wakasogea.

Siku ya tisa mtoto alikataa kuinuka. Maglaha aliiweka sahani chini.

"Mama, basi."

"Basi nini? Hajamaliza."

"Wiki hii amekula kuliko mimi na baba yake Sidati tukijumlishwa. Na amepungua. Mguse hapa. Mguse! Huu ni mfupa."

"Amepatwa na kijicho cha watu. Wamemtazama sana pale zahanati."

"Tumemfunga hirizi tatu, Mama. Zinazidi uzito wake." Maglaha aliifunika sahani. "Kesho Sidati anapita hospitali kuu na gari lake la maji. Nampeleka kwa Daktari Nanaha."

"Yule aliyesomea Kuba? Yule anayezungumza na wazee huku amekunja nne?"

"Akunje hata nane. Nakwenda."

Tekber hakukumbuka lini binti yake alimkatalia jambo. Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kupanda kwenye gari la maji, na kifuko cha mkate mapajani.

*

Daktari Nanaha alimpapasa Nguia tumbo kwa muda mrefu, akatazama kucha, akavuta chini kope la jicho. Aliuliza kuhusu choo, kuhusu meno, kuhusu usingizi. Halafu aliuliza jambo ambalo Tekber hakulitarajia.

"Nani anaoka mkate nyumbani?"

"Mimi," alisema Tekber, na hakuweza kuficha fahari.

"Ukikanda unga wa ngano, ukauvuta, unakatika?"

"Wa wengine labda. Wangu unavutika mpaka kwa jirani."

"Unashikwa na nini?"

"Na mikono yangu."

Daktari alicheka. "Mikono yako, sawa. Lakini ndani ya ngano kuna kitu kinachonata, kinaitwa gluteni. Ndicho kinachoufanya unga uvutike. Kimo kwenye ngano, kimo kwenye shayiri pia. Kwa watu wengi kinapita tumboni salama salimini. Kwa wengine, mwili unakiona ni adui, unainuka kupigana nacho. Nadhani Nguia ni mmoja wao. Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki."

"Mkate? Mkate ndio umfanye hivi?"

"Tazama hili zulia ulilokalia, mama. Utumbo kwa ndani uko hivi hivi, una manyoya. Manyoya ndiyo yanayodaka chakula na kukipeleka kwenye damu. Kila akila mkate, vita vinapiganwa juu ya zulia. Manyoya yanasinyaa, zulia linabaki upara. Hapo umwage hata ngamia mzima, atapita kama maji juu ya jabali. Mtoto anakula na mwili unakufa njaa."

Tekber alilishika zulia kwa vidole. Lilikuwa kuukuu, limelika karibu na mlango pale watu wanapokanyaga.

"Na huu si ugonjwa wa kwenu peke yenu," daktari aliendelea. "Sisi Wasahrawi tunao kuliko karibu watu wote waliowahi kupimwa. Kwenye watoto mia, watano au sita. Uko kwenye damu zetu, na tangu tuje huku tumekula unga asubuhi, mchana na jioni."

"Dawa yake?" Maglaha aliuliza.

"Hakuna kidonge, hakuna sindano. Dawa ni kuacha ngano na shayiri. Si mwezi, si mwaka. Maisha yake yote."

"Na asipoacha?"

Daktari hakupunguza maneno. "Hatakua. Damu itakuwa pungufu, mifupa itavunjika kama bilauri. Akiolewa, huenda mimba zikawa hazikai. Wengine, wachache, huishia na saratani ya utumbo."

Kwenye neno mimba Maglaha aliinua uso. Daktari aliuona.

"Zako zimetoka ngapi, dada?"

"Tatu. Baada ya huyu."

"Na hivyo vidonda vya midomo?"

"Hivi ninavyo tangu nikiwa msichana."

"Lete mkono. Nawapima wote wawili. Na wewe, mama, utafuata."

"Damu yangu haina kesi," Tekber alisema, akaficha mikono ndani ya melhfa.

Kabla hawajatoka, daktari aliwapa agizo lililomchanganya Tekber kuliko yote: Nguia aendelee kula mkate. Damu ingetoa dalili tu. Uhakika ungepatikana Tinduf mjini, ambako wangemlaza usingizi, wamteremshie kamera kinywani na kukata punje ya utumbo. Kamera ilipaswa kuukuta ugonjwa ukiwa kazini. Wakiacha mkate leo, manyoya yangeanza kuota, na majibu yangewadanganya.

"Kwa hiyo ni sumu," Tekber alisema, "lakini tuendelee kumpa."

"Siku kumi na mbili, mama. Halafu basi."

Njiani alitema mate dirishani. "Kuba imemharibu yule msichana. Mkate ulitulea wote. Leo mkate ndio mchawi!"

Sidati, mkwe wake, alikaza macho barabarani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya mama mkwe hayo machache nayo aliyameza.

*

Majibu yalitoka baada ya wiki tatu, na hayakuacha mlango wa kutokea. Utumbo wa Nguia ulikuwa upara kabisa. Damu ya Maglaha nayo ilisema hivyo hivyo, na kamera ikathibitisha. Daktari aliwaandikia karatasi. Wale: mchele, mahindi, dengu, viazi, mayai, nyama, maziwa, tende, mboga. Wasile: mkate, kuskusi, tambi, biskuti, uji wa shayiri. Sufuria yao iwe mbali, kijiko chao mbali, kitambaa mbali. Chembe moja inatosha kuwasha vita upya.

Maglaha aliibandika karatasi kwenye nguzo ya hema. Aliuza mbuzi, akanunua sufuria mpya na bakuli mbili za kijani. Mara moja kwa mwezi watu wa siliaki walipewa kifurushi chao, mchele na unga wa kopo usio na gluteni, na kifurushi kilipochelewa, unga huo dukani Tinduf uliuzwa dinari nyingi kuliko nyama. Hivyo walikula wali. Wali na dengu, wali na karoti, siku nyingine wali na jina lake tu.

Wiki ya tatu Nguia aliamka akaomba chakula mwenyewe. Wiki ya tano alikwenda kwa miguu mpaka shuleni, akarudi kwa miguu. Maglaha aliimba akifua.

Tekber aliyaona hayo yote, akayafurahia, na hakuamini sababu yake. Kwake yeye ni dua zilizojibiwa. Aliendelea kuoka mkate wake kando ya hema, yeye na Sidati wakila, na kila mara alipoufukua, Nguia alisimama mbali na mikono nyuma, akivuta harufu.

"Bibi, ukoko unanukia."

"Nenda kacheze."

"Mimi ni mgonjwa mpaka lini?"

Swali hilo lilimkata maini. Mtoto kukaa kando ya mkate kama yatima kwenye harusi! Siku ya Idi, hema likiwa limejaa wageni, binti wa jirani alimwambia Nguia mbele za watu, "Wewe huli nasi, una bakuli la paka." Watu wazima walicheka. Nguia alilikumbatia bakuli lake la kijani na kwenda kujificha nyuma ya zizi la mbuzi.

Tekber alimfuata. Kwenye ukingo wa melhfa alikuwa na kipande cha ukoko, bado cha moto.

"Kidogo tu," alimnong'oneza. "Umekwishapona. Usimwambie mama."

Hakikuwa kipande kimoja. Kiliwafanya marafiki wa siri, na siri ilikuwa tamu kwa wote wawili. Kila alasiri, nyuma ya zizi, ukoko wa ukubwa wa kiganja.

Siku ya kumi na tano Nguia aliharisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kupumzika. Macho yalizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama kama kitambaa. Sidati aliondoa gari na tangi likiwa nusu, maji yakimwagika njia nzima.

*

Walimtundikia dripu. Daktari Nanaha alisimama na karatasi yake mkononi, amekunja uso.

"Sielewi. Alikuwa anapanda vizuri. Maglaha, niambie kila kitu kilichoingia kinywani mwake."

Maglaha alitaja kimoja kimoja, akihesabu kwa vidole. Wali. Dengu. Yai. Maziwa ya mbuzi. Alianza tena mwanzo. Alijishuku mwenyewe: labda kijiko, labda kitambaa, labda mikono yake baada ya kumtilia mumewe chakula.

"Ni mimi, Daktari," alisema akilia. "Nesi alisema kweli. Sijui kulea. Mtoto mmoja tu, na nimeshindwa."

Tekber alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa amefumba macho, wala hakuna mwingine aliyejua. Alimtazama binti yake akijipiga kifua kwa kosa lisilo lake. Alikaa chini sakafuni pale pale.

"Ni mimi," alisema.

"Mama?"

"Mkate. Nilimpa mkate. Tangu Idi, kila siku."

Maglaha alimtazama kama asiyeelewa lugha. Kisha akaelewa.

"Kila siku? Nikiosha sufuria... nikiosha sufuria mara tatu, Mama, mikono imechubuka, na wewe kila siku?"

"Nilimwonea huruma."

"Ulimwonea huruma! Mimi ulinionea? Wameniita mchoyo, wameniita mgumba wa kujitakia, wameniita mwizi wa unga. Niliposikia ni ugonjwa nilifurahi. Unasikia? Nilifurahi kuambiwa mimi mgonjwa, kwa sababu maana yake si kosa langu! Na wewe ukachukua furaha hiyo ukaitia kwenye majivu."

Tekber alipokea maneno hayo bila kuinua mkono kujikinga. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilizika wawili kabla yako."

"Najua. Surua."

"Ndivyo tulivyosema. Hawakuwa na surua. Walikuwa na tumbo kama hili. Salma, na kaka yake Ahmedu. Kila walivyokonda ndivyo nilivyowalisha. Nilikuwa nakanda unga usiku na mchana. Watu waliniambia, Tekber, umefanya yote." Alifuta uso kwa kiganja. "Mkate ukiwa ndio uliomfanya hivi Nguia, basi wale nao niliwafanya nini? Ndiyo maana sikutaka iwe kweli. Sikutaka, mwanangu. Ningeweza kuamini jini, ningeweza kuamini kijicho. Si mikono yangu."

Daktari aliketi chini sakafuni karibu naye, na safari hii hakukunja nne.

"Siwezi kukuambia waliuawa na nini, mama. Waliokufa hawapimwi. Miaka ile hapakuwa na mtu yeyote kambini aliyejua jambo hili. Uliwapa ulichokuwa nacho. Lakini huyu," alimwonyesha Nguia, "huyu tunajua."

Tekber aliipandisha melhfa yake begani, akaunyoosha mkono wake wenye mishipa.

"Chukua damu. Chukua zote."

*

Damu ya Tekber ilikuwa safi. Daktari alimwambia habari hiyo kwa tabasamu, Nguia akiwa tayari amekaa kitandani akilamba wali vidoleni.

"Wewe huna ugonjwa, mama. Unaweza kula mkate mpaka siku ya mwisho."

"Nile na nani?" Tekber aliuliza. "Mkate huliwa na watu."

Aliporudi nyumbani alifunga gunia lake la unga, akalipeleka kwa jirani pamoja na ungo na kibao cha kukandia. Mikeka yote ilikung'utwa, mazulia yakapigwa fimbo mpaka vumbi likaziba jua. Alifanya kazi hiyo peke yake siku mbili. Maglaha alimtazama bila kumsemesha. Siku ya tatu alitoka na kushika upande wa pili wa zulia, na ndivyo walivyopatana, kila mmoja ameshika pembe zake.

Kisha Tekber akaanza vita vyake mwenyewe. Alichukua mchele, akautwanga, akauchekecha. Akautia maji, akakanda. Ulimwagika vidoleni kama mchanga. Mkate wa kwanza ulipasuka kabla haujaingia motoni. Wa pili ulikuwa tofali. Wa tatu Sidati aliutafuna kwa adabu, akasita, akatoa kijipande cha jino.

"Ni mzuri, mama mkwe," alisema.

"Muongo wewe! Tema!" Na kwa mara ya kwanza tangu Idi, hema lile lilicheka.

Alijaribu mahindi, akajaribu dengu, akachanganya yote mawili. Alisema peke yake wakati wa kukanda: "Unataka gundi. Gundi, gundi." Mwanamke aliyekanda ngano miaka hamsini alikuwa anaanza alifu kwa kijiti, na vidole vyake vilikasirika. Asubuhi moja alimpikia Nguia uji mzito wa mchele, akausahau, na aliporudi ulikuwa umeshikana ndani ya sufuria kama donge la mpira. Aliutazama. Akauchota kwa mkono, akaumimina kwenye unga mkavu, akavunja mayai mawili juu yake, akakanda.

Ulishika. Haukuvutika mpaka kwa jirani, lakini ulishika.

Aliuoka ndani ya sufuria mpya yenye kifuniko, moto juu, moto chini. Ulipotoka ulikuwa na ukoko. Aliumega, moshi ukapanda, na akamwita mjukuu wake kwa jina lake kamili, mbele ya jua na mbele ya watu.

"Nguia binti Sidati! Njoo ule mkate!"

Nguia alimtazama mama yake kwanza. Maglaha aliitikia kwa kichwa, akachukua kipande chake pia. Alikitafuna taratibu sana.

"Una chumvi kidogo," alisema, na machozi yakamtoka.

*

Jambo la mgao lilitokea mwezi uliofuata. Wanawake walipanga foleni na magunia, na kijana wa kugawa akachota unga wa ngano kwa kopo, akamimina. Akachota mchele kwa kopo lile lile, likiwa jeupe kwa vumbi la ngano. Ilipofika zamu yao, Tekber aliuweka mguu wake mbele ya gunia.

"Kopo jingine."

"Bibi, kopo ni kopo. Foleni ndefu hii."

"Mwanangu, ukichota chai kwa kata iliyotoka kwenye dawa ya panya, utampa mama yako?"

"Bi Tekber na unga wake tena!" mtu alipaza sauti nyuma. "Mwenyewe alikuwa malkia wa mkate!"

"Ndiyo, nilikuwa," alijibu, akageuka awaone wote. Hakuwa amejiandaa kusema, lakini maneno yalikuja. "Na kwa mkate huo nilikaribia kumzika mjukuu wangu kwa mikono yangu. Mnaniona? Mimi! Kama Tekber amekosea, ninyi mna uhakika gani? Wewe, mwanao mwenye tumbo. Wewe, binti yako ana miaka kumi na miwili na anavaa gauni la mtoto wa sita. Wewe, mimba zako nne. Mnasema kijicho. Haya, kijicho kipimwe damu, tukione."

Mwanamke mmoja alitoka mbele, na alikuwa Lehdia, yule nesi, aliyekuja kuchukua mgao wake kama watu wote. Alikuwa amembeba mwanawe, yule wa miaka mitatu aliyemshinda Nguia kilo. Hakuwa akimshinda tena.

"Bi Tekber," alisema, na haikumtoka kirahisi. "Wangu anaharisha mwezi wa pili. Nilimwongezea mkate."

Wanawake wote walingoja. Kila mmoja alikumbuka siku ya mizani, na Tekber kuliko wote. Alikuwa na jibu, limeiva na lina chumvi, na alilishika ulimini kwa muda. Kisha akalimeza.

"Usimwachishe bado," alisema. "Kwanza akapimwe. Nitakwenda na wewe."

Kopo jipya lilipatikana. Baada ya wiki mbili Daktari Nanaha alikuja kambini na sanduku la vipimo, akakaa kwenye zahanati siku nzima. Na aliyepanga foleni, akiwakemea wenye haraka na kuwatuliza waoga, alikuwa Tekber. Walipima watoto mia moja na thelathini. Tisa walionekana na dalili ya siliaki, mtoto wa Lehdia akiwamo. Aliyesomea Kuba aliandika majina. Tekber, asiyejua kusoma, aliwakamata mama zao tisa mmoja mmoja, akawapeleka nyumbani kwake, na kuwafundisha uji wa gundi.

*

Mwaka ulipokaribia kugeuka, alasiri moja ya upepo, mwanamke aitwaye Zorga, aliyehamia mtaa ule juzi tu, alifika hemani kwa Tekber akimburuta binti yake. Msichana alikuwa mkubwa, wa miaka kumi hivi, mwenye mashavu na mabega. Mchanga ulikuwa umemjaa nywele, masikio na pua.

"Nani mwenye mtoto anayeitwa Nguia?" Zorga alifoka kabla hata ya salamu.

"Ni wetu," alisema Maglaha, akiinuka kwa taabu, mkono chini ya tumbo lake la miezi saba.

"Basi mfundisheni adabu! Mtazameni mwanangu! Walishindana mieleka huko nyuma ya shule. Amemwinua, amemwangusha chini, akamkalia! Akakataa kushuka mpaka aombwe radhi!"

Tekber aliweka birika chini.

"Nani kamwinua nani?"

"Wenu kamwinua wangu!"

"Huyu? Huyu mwenye mabega?" Tekber alimzunguka yule msichana, akimpima kwa macho kama anayenunua ngamia. "Mwanangu, una kilo ngapi wewe?"

"Thelathini na moja," msichana alijibu, akitema mchanga.

"Thelathini na moja! Akakuinua toka ardhini? Miguu yote miwili?"

"Yote," msichana alisema kwa uchungu. "Mara mbili."

Tekber alitupa melhfa nyuma ya bega, akafungua kinywa na kupiga kigelegele kilichovuka mazizi na matangi ya maji. Maglaha akakidaka, akaongeza cha kwake. Hema la pili liliitikia bila kujua kuna nini, kisha la tatu, mpaka mtaa mzima ukawa unapiga vigelegele na watu kuchungulia nje kumtafuta bibi harusi.

"Wallahi, hawa ni wendawazimu," Zorga alisema.

"Kaa, dada, kaa, tutakuomba radhi mpaka uchoke," Tekber alimwambia, akimvuta mkono kuelekea kwenye zulia huku machozi yakimshuka. "Lakini kwanza hebu tusimulie tena. Alimshika wapi?"